Kiti cha Mzazi Kipigiwe Debe?

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 iliwapa wazazi wa Kenya viti sita katika bodi ya usimamizi ya shule ya umma, ile ambayo watu wote huiita BOM. Wafadhili wa shule, ambao kwa sehemu kubwa ni makanisa, walipewa viti vitatu. Walimu wana kimoja, Bodi ya Elimu ya Kaunti inapendekeza mtu mmoja, makundi ya jamii mmoja, watu wenye mahitaji maalumu mmoja, na mwanafunzi mmoja anaingia kwa niaba ya baraza la wanafunzi. Hakuna kundi lililopewa nguvu kama wazazi, na kwa ninavyoona mimi, hakuna linaloitumia nguvu yake kidogo kama wao.

Sheria inataka hao sita wachaguliwe. Namna ya kuomba kura haikuigusa. Je, mgombea azunguke akijinadi, au anyamaze mpaka siku ya mkutano jina lake litajwe na mwingine? Swali linaonekana dogo mpaka ukumbuke kwamba bodi hiyo ndiyo inayosimamia fedha za shule, inayoajiri mpishi, mlinzi na walimu wasioajiriwa na tume ya walimu, TSC, na inayoamua kesi ya mtoto aliyefanya utundu uliovuka mpaka.

Hoja nimezitia vinywani mwa watu niliowaunda mwenyewe, kutokana na maneno yanayosemwa kando ya barabara inayotoka Kitale kupitia Kiminini, Kamukuywa na Misikhu kuelekea Bungoma. Mpwa ni mama anayeuza nafaka sokoni Kitale. Mwanawe yuko Kidato cha Tatu katika shule ya kutwa. Mjomba ni mwalimu mkuu mstaafu anayeishi upande wa Chwele. Kwa Wabukusu, khocha, yaani mjomba, ana neno juu ya watoto wa dada yake, na huyu hasiti kulitumia. Watadakizwa na mzee wa kanisa na mwendesha bodaboda.

MPWA: Mulembe, khocha. Nimekuja kukuarifu kabla hujasikia kwa watu. Nagombea kiti cha wazazi kwenye bodi ya shule ya mtoto, na kura nitaziomba waziwazi. Nitapita kwa wazazi wa kila darasa, sokoni, kanisani, kwenye steji ya pikipiki, niwaambie nikipewa nitafanya nini.

MJOMBA: Mulembe, mama. Kugombea sikukatazi. Ninalokataa ni huko kuzunguka. Shule si wadi. Mtu akishaomba kura nyumba kwa nyumba anakuwa na deni kwa waliompa, na anayelilipa ni shule. Leo wataka zabuni ya kuni, kesho kijana wa fulani aajiriwe mlinzi, keshokutwa mwalimu mkuu ahamishwe kwa sababu amewakatalia yote mawili. Nimekaa katika kiti hicho cha mwalimu mkuu, nayajua.

MPWA: Na asiyezunguka hana deni? Yule anayepigiwa simu usiku akaambiwa jina lake limeshawekwa, ana deni zito kuliko langu. Langu watalijua wazazi wote walionisikia. Lake analijua mtu mmoja tu, aliyempigia simu.

MJOMBA: Aliyempigia simu mara nyingine ni mwalimu mkuu anayetafuta mtu wa kumsaidia kazi. Unafikiri nilikuwa napata wapi watu wa kusoma bajeti? Nilimtafuta mhasibu mstaafu, nesi wa zahanati, fundi anayejua bei ya saruji. Hao hawawezi kusimama kwenye kreti ya soda wakijisifu. Ukifungua mlango wa kampeni, wao ndio wa kwanza kurudi nyumbani, na wenye sauti kubwa ndio watakaobaki.

Hapa mjomba ana ukweli fulani, ila anachanganya milango miwili. Sheria imeshampa mwalimu mkuu na wenzake njia ya kuwapata wahasibu na mafundi: bodi inaweza kualika watu hadi watatu wenye ujuzi inaouhitaji. Viti sita vya wazazi havikuwekwa kwa ajili ya ujuzi. Viliwekwa kwa ajili ya wenye watoto na wenye kulipa. Kuna pia Chama cha Wazazi, ambacho kila mzazi ni mwanachama wake bila kujiandikisha. Kila darasa linatoa mwakilishi katika mkutano mkuu wa mwaka, na mwenyekiti wa kamati yao pamoja na wenzake wawili wanaalikwa kuketi kwenye bodi. Milango ni mingi. Kinachokosekana ni mzazi kujua ni upi unafunguka lini.

MJOMBA: Tena usisahau shule hizi zilitoka wapi. Wakweka walifika Kaimosi mwaka 1902, wakapanda shule mpaka kwetu huku. Kamusinga imesimama tangu 1957. Wakatoliki wakajenga Kibabii. Hakuna aliyeomba kura. Walioketi katika kamati za mwanzo walikuwa wazee wa kanisa, watu walioaminiwa.

MPWA: Waliochimba msingi na kubeba mawe walikuwa nani, khocha? Na baada ya Uhuru, madarasa ya harambee yalijengwa kwa kuku wa nani? Bibi alituambia aliuza wimbi ili darasa moja lipate mabati. Jina lake halikuandikwa kwenye jiwe lolote la ufunguzi.

MZEE WA KANISA: Naomba niseme kidogo, maana tunatajwa. Kanisa halitaki kutawala shule. Sheria ya elimu ya mwaka 1968 ilituondoa kwenye umeneja ikatuacha kuwa wafadhili, na hii ya 2013 imetupa kazi ya kuangalia maadili na malezi ya kiroho na kusaidia majengo. Lakini ninyi wazazi mna watoto hapa miaka michache, kisha mnaondoka. Sisi tutakuwepo. Ndiyo maana tunapoona mgombea ana fujo, tunasema.

MPWA: Mseme, mzee wangu. Mna viti vitatu vya kusemea. Ninaloomba ni kwamba msiseme pia kwenye vyetu sita.

Mzee wa kanisa hakuwa na jibu la haraka, nami sina la kumwazima. Magharibi mwa Kenya mvutano wa wafadhili na jamii juu ya nani awe mwalimu mkuu, nani awe mwenyekiti wa bodi, umewahi kufunga malango ya shule. Mzazi anayechaguliwa hadharani anapunguza mvutano huo kwa sababu moja: anaweza kusema ametumwa na nani.

Tuje kwenye fedha, maana huko ndiko ubishi wa mpwa na mjomba ulikorefuka.

MPWA: Khocha, wewe ulikuwa unapokea fedha za serikali ukajua ni kiasi gani. Mimi nimelipa mwaka wa tatu huu na sijawahi kuonyeshwa. Kitabu cha serikali kinasema Sh22,244 kwa kila mwanafunzi wa upili kwa mwaka. Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, akawaambia wabunge wa kamati ya elimu kwamba serikali haiwezi kuzitoa zote, inaweza kama Sh16,900. Chukua shule yenye watoto 600. Tofauti hiyo ya Sh5,344 kwa kila mtoto ni zaidi ya milioni tatu na laki mbili kwa mwaka. Nani anazijaza?

MJOMBA: Mzazi.

MPWA: Mzazi. Na nani anakaa chumbani kuamua mzazi azijaze kwa jina gani? Fedha za chakula cha mchana, za walimu wa bodi, za masomo ya ziada, za basi ambalo bado halijanunuliwa. Bodi ndiyo inakaa. Basi mtu anayetaka kuingia chumba hicho, mimi mzazi nisimsikie kwanza anafikiri nini?

MJOMBA: Utamsikia akikuahidi kupunguza. Kila mgombea ataahidi kupunguza. Kisha ataingia ndani akute deni la mahindi, mpishi hajalipwa miezi, walimu wa bodi wanne wanataka kuondoka, na fedha za serikali zimechelewa mpaka wiki ya sita ya muhula. Atafanya nini? Ama atavunja ahadi, ama atavunja shule. Nimewaona wa namna zote mbili. Ndiyo maana nasema kampeni inamfunga mtu mdomo kabla hajaona vitabu.

MPWA: Kwa hiyo sitaahidi kupunguza.

MJOMBA: Utaahidi nini?

MPWA: Risiti. Kifungu cha 29 cha sheria hiyo kinasema ada nyingine mbali na karo ya masomo zinahitaji idhini ya Waziri kwa kushauriana na bodi ya kaunti, mtoto asikataliwe shuleni kwa kukosa kulipa, na anayepokea fedha atoe risiti rasmi. Mimi ni mwuzaji wa mahindi. Mteja akinunua kwangu gunia la kilo 90 nampa karatasi. Shuleni nimetoa fedha za chakula nikaambiwa jina limeandikwa kwenye daftari. Wazazi wengine huleta debe la mahindi na maharagwe badala ya fedha, na hapo hata daftari huwa halipo. Nitawaambia wazazi mambo matatu: kila shilingi na kila debe vipate risiti, kila muhula karatasi ya mapato na matumizi ibandikwe ukutani karibu na ofisi, mahali ambapo mzazi asiyealikwa anaweza kusimama akasoma, na mtu wa bodi asiiuzie shule kitu chochote, mimi mwenyewe nikiwa wa kwanza. Magunia yangu hayataingia stoo ile muda wote nitakaokuwa humo.

MJOMBA: Hilo la mwisho litakugharimu.

MPWA: Najua. Shule ile ni mteja mzuri.

Kuhusu kama usimamizi wa wazazi unaleta tofauti, kuna ushahidi ambao wakazi wa Bungoma wangepaswa kuujua vizuri kuliko mtu yeyote duniani, maana ulitoka kwao. Mwaka 2005, katika wilaya za Bungoma na Butere-Mumias za wakati huo, shule za msingi 210 ziliingizwa katika jaribio. Shule 140 zilipewa uwezo wa kuajiri mwalimu mmoja wa mkataba kwa ajili ya darasa la kwanza, lililokuwa limefurika tangu elimu ya bure ya mwaka 2003. Nyingine 70 ziliachwa kama zilivyo ili zilinganishwe. Katika nusu ya zile 140 kamati za shule zilipewa mafunzo: jinsi ya kumhoji anayeomba kazi, jinsi ya kuitisha kikao cha kupima kazi yake, jinsi ya kuwatuma wazazi kukagua mahudhurio. Matokeo yalichapishwa na wachumi Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer. Duflo na Kremer walipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019.

Walichokikuta ni hiki. Mwalimu wa mkataba alipokuja, walimu wa serikali walilegea, wakaanza kukosa darasani zaidi. Baadhi ya nafasi za mkataba zilichukuliwa na jamaa za walimu waliokuwepo. Lakini pale ambapo kamati ilikuwa imefunzwa na kupewa kazi maalumu, kulegea huko kulipungua, ndugu walioajiriwa walipungua, na watoto walijifunza vizuri zaidi. Fedha zilikuwa zile zile. Kilichotofautiana ni kama wazazi walijua wanachotakiwa kufanya au hawakujua.

MJOMBA: Utafiti huo naukumbuka, ulipita kwenye shule za jirani zangu. Na mimi nauleta upande wangu. Wazazi wale hawakupiga kampeni. Walifunzwa. Nipe mafunzo, nikuachie kampeni.

MPWA: Na nani atakayeenda mafunzoni? Yule asiyejua kwa nini yuko kwenye bodi atasaini posho, ale wali, arudi. Anayezunguka siku nzima akisema nataka kazi ya kukagua mahudhurio, akiitwa mafunzoni atauliza maswali, maana wazazi wanamsubiri.

Kuhusu karatasi ya ukutani, Uganda iliyo ng'ambo ya Malaba na Lwakhakha ina kisa chake. Kati ya mwaka 1991 na 1995 shule za msingi za huko zilikuwa zikipata wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku iliyotengwa kwa ajili yao. Iliyobaki ilipotelea katika ofisi za wilaya. Ritva Reinikka na Jakob Svensson ndio waliofuatilia. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kinachotumwa kwa kila wilaya na kuagiza shule zibandike kiasi zilichopokea. Kufikia mwaka 2001 zilikuwa zikipata zaidi ya asilimia 80. Mjomba alinikumbusha, na ni sawa, kwamba magazeti hayakufanya kazi hiyo peke yake. Mfumo mzima wa kutuma fedha ulibadilishwa katika miaka hiyo hiyo, na macho ya wafadhili wa nje yalikuwa yameelekezwa huko. Hata hivyo kile kikaratasi cha ukutani kilikuwa sehemu ya dawa, na hakikugharimu kitu.

MWENDESHA BODABODA: Mwalimu, mama, mimi nina mtoto Kidato cha Nne shule hiyo hiyo. Nyote mnasema vizuri. Lakini mkutano wa wazazi ukiitwa Ijumaa saa tatu, unaanza saa sita. Mgeni wa heshima anaongea mpaka saa nane. Uchaguzi unawekwa mwisho kabisa, watu wameshachoka, wengine wamekwenda kukamua ng'ombe. Mwalimu wa zamu anasema, "Wanaomkubali fulani, makofi." Makofi yanapigwa. Mimi nimepoteza siku ya kazi kwa ajili ya makofi. Mwaka uliofuata sikwenda.

MJOMBA: Huo ni uendeshaji mbaya wa mkutano. Hauhusu kampeni.

MWENDESHA BODABODA: Unahusu, mwalimu. Mama huyu akija steji aniambie anagombea, na kura itapigwa saa ngapi, nitakuja saa hiyo. Nikijua kuna mtu na kuna jambo la kuchagua, siku yangu naitoa.

MPWA: Na kura yenyewe nataka iwe ya siri. Karatasi za daftari, kalamu, na katoni ya vitabu kama sanduku.

MJOMBA: Katika hilo niko nawe kabisa, mama. Mimi niliona mlolongo wa 1988. Watu walipanga mistari nyuma ya wagombea mchana kweupe, na mstari mfupi ukatangazwa mrefu. Jirani aliyesimama mstari usiotakiwa alikuja kulipia. Mzazi kuinua mkono mbele ya mwalimu anayemsahihishia mtoto wake mtihani ni mlolongo ule ule.

Ni mara ya kwanza walipokubaliana, na nadhani ndipo penye uzito. Mzazi wa shule ya kutwa anaogopa vitu ambavyo mpiga kura wa ubunge haviogopi. Mtoto wake anarudi shuleni Jumatatu. Anaweza kuwa na deni la karo, anaweza kuwa anangoja sahihi ya mwalimu mkuu kwenye fomu ya basari. Kumwambia mtu huyo ainue mkono kumpinga anayependwa na ofisi ni kumtaka ajitoe sadaka kwa ajili ya kiti cha mtu mwingine. Kura ya siri inagharimu kurasa chache na nusu saa ya kuhesabu.

Jambo lililobaki ni lile ambalo mjomba alilisema kwa sauti ya chini.

MJOMBA: Umeniambia utapita sokoni na kanisani. Soko lipi, kanisa lipi? Trans Nzoia ni mchanganyiko, mama. Wazungu walipoondoka mashamba yale yaligawanywa, wakaja Wabukusu wetu, wakaja Wakikuyu, Wakisii, na Wasabaot, Wapokot na Waturkana wako hapo. Mwaka 1992 watu walikimbia nyumba zao kwa ghasia za kikabila. Mwaka 2008 walikimbia tena. Shule ilikuwa mahali pamoja ambapo watoto wa hao wote walikaa dawati moja. Ukizunguka na lugha yako kuomba kura, na mwenzako akazunguka na yake, siku ya uchaguzi utahesabu makabila, hutahesabu wazazi. Na wenye wengi watabeba viti vyote sita.

MPWA: Nimelifikiria.

MJOMBA: Umelifikiria ukafika wapi?

MPWA: Sitapita kwa vijiji, nitapita kwa madarasa. Mzazi wa Kidato cha Tatu ana shida ya Kidato cha Tatu, awe Msabaot au Mkisii: mtihani wa mwakani, maabara isiyo na gesi, mwalimu wa hesabu ambaye hayupo. Nitakwenda na wenzangu wawili wanaogombea pia, na hawatakuwa watu wa kwetu. Tutasema maneno yale yale kwa Kiswahili.

MJOMBA: Na wakikuuliza usiku, ukiwa peke yako, kwa Kibukusu, "Utatukumbuka?"

MPWA: Nitawajibu kwa Kiswahili.

Hoja hii ya mjomba ndiyo nzito kuliko zote alizozitoa, na jibu la mpwa, japo ni la heshima, haliimalizi. Mtu mmoja mwenye nia njema hawezi kuwazuia wenzake wasihesabu ukoo. Kinachoweza kusaidia kidogo ni utaratibu: kila darasa lichague wake badala ya mkutano mzima kuchagua sita kwa mpigo, na wazazi wakubaliane kabla ya kura kwamba sura ya shule ionekane katika orodha. Katiba ya 2010 ina kanuni ya jinsia kwamba wa aina moja wasizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa, na hapo akina mama wanaopika pilau ya kila sherehe ya shule wana neno la kusema. Lakini kanuni ya ukabila haiandikwi kirahisi, na huko Kitale inategemea zaidi ujasiri wa wagombea kuliko sheria.

Kuna pia uchaguzi mkuu wa Agosti 2027. Kila mwakilishi wadi na kila anayemtaka mbunge aanguke atatamani mtu wake awe kwenye bodi, maana shule ni mahali pa kuzindulia madarasa ya CDF na kupigia picha. Mjomba anaogopa kampeni za bodi zitageuka mazoezi ya kampeni hizo. Mimi naogopa vilevile. Ila mwanasiasa anayetaka kuweka mtu wake hahitaji kampeni ya wazi. Ofisi yenye simu inamtosha. Mgombea anayezunguka mchana akisema fedha za nauli amezitoa wapi anamwekea mwanasiasa huyo kikwazo. Ndiyo maana, baada ya kuwasikiliza wote, niko upande wa mpwa, kwa masharti mawili niliyoyatoa katika hofu za mjomba: asipokee shilingi ya mwanasiasa, wala asitoe shilingi ya soda kwa mzazi yeyote. Na la tatu ni la mpwa mwenyewe, lile la magunia kutoingia stoo. Akivunja mojawapo, wazazi wawe na haki ya kumkumbusha mbele ya mkutano, na yeye awe amewaambia hivyo mapema.

MJOMBA: Haya. Tuseme umepita madarasani, kura ikapigwa kwa siri, ukashinda. Unajua kinachofuata?

MPWA: Majina yanapelekwa kaunti.

MJOMBA: Yanapelekwa kaunti, kwa sababu anayeteua kisheria ni Bodi ya Elimu ya Kaunti. Wazazi wanachagua, bodi inateua. Orodha ikirudi na jina lako halimo, na mahali pako pana jina la mtu ambaye hata hakuwa mkutanoni, utafanya nini? Utaandamana na wanawake wa soko?

MPWA: Nitaomba kumbukumbu za mkutano. Katiba kifungu cha 35, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Ofisi ya umma ina siku 21 za kunijibu. Wakikataa, nakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ya malalamiko.

MJOMBA: Siku 21! Bodi itakuwa imeshakaa, imeshapitisha bajeti, imeshagawa zabuni ya kuni. Na kumbukumbu utakazopewa ataziandika nani? Karani wa shule, wiki mbili baada ya mkutano, akiwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Nimeziona zikiandikwa hivyo.

MPWA: Basi ziandikwe pale pale. Idadi ya kura za kila mgombea isomwe kwa sauti, iandikwe nakala tatu, na wasaini wazazi wawili wa kila darasa, mwalimu mmoja na mzee wa kanisa. Nakala moja ya shule, moja ya Chama cha Wazazi, moja ya mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, ipelekwe siku hiyo hiyo na mtu wa pikipiki.

MWENDESHA BODABODA: Hiyo nitaipeleka mimi. Bila nauli.

MJOMBA: Hapana, ulipwe, na upewe risiti. Na wewe mama, hilo la nakala tatu liondoe kwenye ahadi zako za baada ya kushinda. Lipeleke kwa mwalimu mkuu wiki hii, kabla hujaomba kura hata moja, na umwombe akujibu kwa barua.